Apigaye Dago na Atangulize Maji

Siku hizi kila nikipita barazani pa vijana wetu hapa Mombasa nasikia wakiambizana, "Mwisho wa mwezi tunakwenda kempingi." Nami husimama nikajiuliza: hivi dago letu limepatwa na nini hata likakosa wa kulitaja? Maana huko waendako, kulala ufuoni chini ya turubali, mahali pasipo nyumba, pasipo bomba wala duka, si kugeni kwa Mswahili. Wavuvi wamekuwako huko tangu zamani, na kambi yao huitwa dago, au ago kama wasemavyo wengine. Mvuvi aliyefunga safari akakaa wiki mbili tatu kwenye ufuo usio wa kwao, akavua, akakausha, akauza, kisha akarejea kwa watu wake, huyo amepiga dago.

Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye ndiye tunayemshukuru kwa neno runinga, alikuwa akitafuta kwanza ndani ya lahaja zetu kabla ya kukopa kwa jirani. Kwa jambo hili asingekuwa na haja ya kutafuta, maana neno lipo, limelala tu. Lakini leo sikuketi kuandika kwa ajili ya neno peke yake. Neno likisahauliwa, aghalabu ilimu iliyokuwa ndani yake husahauliwa pamoja nalo, na katika ilimu ya dago iliyo kubwa ni maji ya kunywa. Hilo nimelijua kwa aibu, na aibu yenyewe nitaisimulia kama ilivyokuwa.

Kaskazi iliyopita alinijia mpwa wangu, kijana fundi wa umeme, akaniambia, "Mjomba, safari hii na wewe huna budi kuja." Alikuwa ameunda tela ya magurudumu mawili, ya kufungwa nyuma ya pikapu yake. Ni kazi ya mkono wake mwenyewe, na kwa hakika ilikuwa nzuri. Ndani yake alipanga hema mbili, magodoro, jiko la gesi, sanduku la barafu, taa za kutumia nguvu za jua, na nyuma kabisa pipa la plastiki la lita 200 lenye bilula chini yake. Maarifa hayo aliyapata kwa kutazama filamu katika simu yake, za watu wa Australia wanaokwenda kulala K'gari, kile kisiwa cha mchanga mtupu chenye urefu wa kilometa 120 na zaidi. Mimi sikumcheka. Mwenye ujuzi hujifunziwa popote alipo.

Tulikuwa watu wazima sita na watoto watatu. Tuliondoka Mombasa asubuhi, tukapita Kilifi, tukala Malindi, tukavuka daraja la Sabaki, na mbele ya Mambrui tukaiacha lami kushika njia ya bahari. Huko kuna vilima vya mchanga ambavyo mto Sabaki na pepo zimevijenga kwa miaka mingi, na nyuma yake ufuo mrefu ambao mtu aweza kutembea nusu siku asionane na nyumba. Mpwa wangu aliuchagua usiku wa mwezi mpevu ili watoto wafurahie mbalamwezi. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Hesabu yake ya maji haikuwa mbaya. Mtu mzima katika joto letu apewe lita 5 kwa siku, za kunywa na za kupikia. Mtoto lita 3. Kwa watu tisa ni kama lita 39 kwa siku, na kwa siku tatu na ushei lita 200 zatosha. Hesabu ilikuwa sawa. Chombo ndicho kilichokuwa kibaya. Pipa lilikuwa moja, na bilula yake imechomoza nyuma ya tela kama mkia. Baada ya kuiacha lami, kwenye ile njia ya mawe na mashimo, jiwe likarushwa na gurudumu, likaipiga bilula shingoni, ikavunjika. Sisi tuko mbele ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa kwa vumbi, twaimba na watoto. Maji yakatoka njia nzima. Tulipofika ufuoni jua linakuchwa, ndani ya pipa palibaki maji ya kuloweka mkono.

Na kabla hatujamaliza kushangaa, pikapu ikazama mchangani hata ekseli. Matairi yalikuwa magumu kama tuliyotoka nayo Mombasa. Kiza kikaingia. Watoto wakaanza kutaka maji.

Mbele yetu, kama hatua mia tatu, palikuwa na moto. Tulikwenda mimi na mpwa wangu, tukakuta wavuvi watano, Wapemba, na mashua yao imepandishwa juu. Dago lao lilikuwa turubali moja juu ya fito, jiko la mawe matatu, nyavu, na mitungi minne ya plastiki ya lita ishirini ishirini, imefunikwa makuti isipigwe na jua. Tulitoa salamu, tukaitikiwa, tukakaribishwa chai. Tulipoeleza shida yetu nahodha, mzee wa umri wa kunizidi, hakutia neno. Aliwaita vijana wake wawili, wakabeba mitungi miwili kati ya ile minne, wakatuletea hadi kwenye hema zetu. Mpwa wangu alitoa pesa. Nahodha akasema, "Maji hayauzwi dagoni, mwanangu."

Sisi tulifurahi, tukamshukuru Mungu, tukapika wali, tukala, tukalala. Na mpwa wangu aliahidi kwamba alfajiri atakwenda na pikapu mjini kuchota mengine.

Alfajiri ilikuja, pikapu haikutoka. Tulichimba, tukasukuma, tukatia magunia chini ya magurudumu, mpaka ikakaribia adhuhuri ndipo ikatoka, baada ya kijana mmoja wa wale wavuvi kutuambia tupunguze upepo wa matairi. Huyo kijana alikuwa amebaki peke yake dagoni. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akajibu kwa adabu, kama asiyetaka kunitia unyonge, kwamba wamekwenda na mashua kutafuta maji. Nikasema, "Lakini sisi tungewaletea." Akasema, "Hatukujua, sheikh. Na upepo ulikuwa unakubali asubuhi." Kisha akaongeza, bila ya lawama, kwamba siku ile ilikuwa ya bamvua, na siku za bamvua ndizo walizokuwa wakizingoja kwa nyavu zao.

Alasiri mpwa wangu alikwenda, akarudi na maji, tukawarudishia wavuvi mitungi yao miwili imejaa na miwili zaidi juu yake. Maji tulilipa. Siku yao hatukuilipa, na hakuna wa kuiuza.

Sasa nataka tuizingatie habari hii kwa macho ya sharia na ya utu. Nilisoma chuoni kama nyinyi, na nakumbuka maalim wetu akitufundisha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba watu wana ushirika katika maji, malisho na moto. Najua pia kwamba mafakihi husema maji yaliyokwisha kuchotwa yakatiwa chomboni ni mali ya mwenye chombo. Lakini mwenye kiu hanyimwi, na mtoto mwenye kiu ndiyo kabisa. Kwa hivyo yule nahodha hakuwa na hiari. Dini yake ilimfunga, na ada ya dagoni ikamfunga mara ya pili. Angetuona tunakuja usiku ule akajua kwamba tutamharibia siku yake, bado angetoa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ikiwa mwenyeji hawezi kukataa, basi mzigo wote wa kutomdhuru umo juu ya mgeni. Mvuvi yuko dagoni kwa kutafuta riziki; mimi niko dagoni kwa kuburudika. Nikienda bila ya matayarisho, kisha nikamtegemea yeye, nimeifanya dini yake kuwa akiba yangu. Wako watu husema, "Si neno, huko kuna wavuvi, watatusaidia." Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mara nyingi, na nadhani kuwa hata mimi niliwahi kuyasema. Ni kweli watasaidia. Hilo ndilo linalotutia hatiani.

Wala ufuo ule si nchi ya maji. Toka Gongoni hata Marereni ni mashamba ya chumvi, na penye chumvi inayovunwa kwa jua msitazamie visima vitamu kila mahali. Wako wanaosema kwamba mtu akichimba nyuma ya vilima vya mchanga hupata maji baridi. Si uongo: mvua ikinyesha juu ya mchanga hushuka, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake chini ya ardhi. Mji wa Lamu umekunywa miaka na miaka maji yaliyo chini ya vilima vya Shela. Lakini maji hayo ni kama utando wa maziwa. Ukichota kwa pupa au ukichimba kwa kina, chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kurudi. Asiye mwenyeji na asichimbe. Kisima cha watu ni jambo zito. Tunakumbuka katika habari za Fumo Liyongo, kule upande wa Kipini, kwamba alipochomwa na mwanawe alikwenda akapiga goti kisimani na uta wake mkononi, akafa hali hiyo, na mji mzima ukakaa bila ya maji kwa kudhani yu hai. Wazee waliotusimulia walijua wapi pa kuubana mji.

Basi matayarisho yawe vipi? Nitasema niliyoyaona na niliyoambiwa na nahodha, ambaye kwa siku mbili zilizobaki alikuwa akija kunywa kahawa kwetu.

Maji yagawanywe katika mitungi midogo midogo, isiwe chombo kimoja. Mtungi wa lita 20 ukipasuka umepoteza lita 20, safari haijavunjika. Mitungi ilazwe chini kabisa ya tela, katikati, juu ya ekseli, maana kila mtungi ni kilo 20, na mitungi kumi ni kilo 200. Uzito huo ukiwekwa nyuma, tela hupiga mkia njiani na hata kuivuta gari upande. Mzigo mzito uelekee mbele kidogo, si sana. Na mitungi ifunikwe. Maji yaliyopigwa na jua siku nzima ndani ya plastiki hayanyweki kwa raha. Mmoja katika mitungi hiyo ufungwe kamba, usiguswe mpaka siku ya kuondoka. Nahodha aliuita huo "mtungi wa kurudi nao", na alisema hajapata kuufungua njiani ila mara moja katika umri wake, alipopotewa na upepo.

Kisha maji matamu yasitumiwe mahali ambapo bahari yatosha. Hapa nina neno na vijana wetu wachaji Mungu. Katika safari yetu alikuwako kijana mmoja, mwema sana, ambaye jioni ile ile ya shida nilimwona anatawadha kwa maji ya mtungi wa wavuvi, anamwagia miguu kama aliye kwenye birika la msikiti. Nikamwuliza, "Bahari iko hatua ishirini, imekukosea nini?" Akasema ana shaka kwa sababu ya chumvi. Subhanallah! Wapwani tumefikia kuwa na shaka na bahari? Mtume (S.A.W.) aliulizwa swali hilo hilo na mabaharia waliochukua maji machache, wakaogopa kiu iwapo watatawadhia, naye akawajibu kwamba maji ya bahari yanatoharisha. Udhu wake sahihi, josho lake sahihi, na kutayamamu ufuoni hakuna maana maadamu mawimbi yanakufikia na huna maradhi. Wala mtu asidhani tayamamu ya ufuoni ni rahisi kwetu tulio Shafi: kwetu sharti ni udongo wenye vumbi, na mchanga uliooshwa na mawimbi hauna vumbi. Nahodha alicheka nilipomweleza mjadala huo. Kwake jambo lilikuwa limekwisha tangu utotoni.

Vyombo navyo huoshwa kwa mchanga na maji ya bahari, vikasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Wali waweza kupikwa kwa kuchanganya: sehemu moja ya bahari, sehemu tatu au nne za maji matamu, na chumvi usitie. Samaki wa kuchoma hahitaji maji. Ukiyafuata hayo, zile lita 5 nilizozitaja zitabaki na akiba.

Kuhusu sala, ufuo huo kutoka Mombasa ni zaidi ya marhala mbili, kwa hivyo msafiri anayekaa siku chini ya nne ana ruhusa ya kupunguza na ya kuchanganya. Na kibla kisimhangaishe mtu. Makka iko karibu sawa na Malindi katika mstari wa kaskazini na kusini, hata wazee wetu waliita kaskazini kibla. Usiku mtu ajue kaskazini yake kwa nyota, mchana kwa jua na kivuli, na simu ikizimika asiseme amepotewa na dini.

Tela na mchanga nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa mafundi wanayajua kuliko mimi. Matairi yapunguzwe upepo karibu nusu kabla ya kuingia mchangani, ya gari na ya tela pia, na pampu iwepo ya kuyajaza tena kabla ya kushika lami. Beleshi mbili, si moja. Mbao mbili nene za kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki huzama badala ya kuinua gari. Kamba ndefu. Gurudumu la akiba la tela, ambalo watu husahau kwa kuwa lile la gari wanalo. Na vitu vyote vifungwe. Njia ile ya mawe ilivunja mayai yetu yote.

Nilisema nitarudia habari ya mwezi mpevu. Mwezi wa kumi na nne na siku zinazofuata ni bamvua, kama ilivyo mwezi unapoandama. Bahari yetu hapa hupanda na kushuka kwa karibu mita nne katika siku hizo, na kwa pwani hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, jioni na alfajiri. Basi kijana wetu kwa kupenda mbalamwezi aliuchagua usiku ambao bahari huja mbali kuliko siku zote, na huja watu wakiwa usingizini. Tela alikuwa ameifungua akaiacha chini, mahali pazuri, mchanga mgumu. Nahodha alipoleta mitungi aliiangalia, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona umelaza tela yako kitandani mwa bahari?" Tuliisukuma kwa mikono watu kumi na moja hadi juu ya ule mstari wa mwani mkavu. Saa kumi alfajiri niliamka nikaenda kutazama. Pale ilipokuwa tela palikuwa na maji ya magoti.

Nikazikumbuka zile filamu za mpwa wangu. Huko K'gari watu huambiwa wasiendeshe gari ufuoni saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baadaye, na kila mmoja hubeba jedwali la maji. Mpwa wangu alikuwa ameyaona hayo, akadhani ni mambo ya bahari ya Australia. Alichukua bilula, akaacha jedwali. Na jedwali letu sisi liko juu mbinguni kila usiku, halihitaji hata karatasi.

Kuna jambo ambalo dago la wavuvi halitufundishi, nalo ni stara. Dago lao lilikuwa la wanaume watupu, mtu akienda nyuma ya kichuguu amemaliza. Sisi leo twaenda na wake zetu, dada zetu na watoto. Katika matayarisho yote ya mpwa wangu, taa za jua alikumbuka, choo hakukumbuka. Mke wangu na mkaza-mpwa wangu ndio waliotengeneza: fito nne, leso za zamani tatu, shimo la kina cha mkono hadi begani, beleshi na mchanga wa kufukia. Lakini walisumbuka siku ya kwanza kwa jambo lililotaka dakika kumi za kufikiri nyumbani. Fito zichukuliwe kutoka nyumbani. Mikoko si ya kukatwa kwa choo cha siku tatu. Shimo liwe mbali na maji yanapofika, mbali na penye kivuli watu wanapopumzika, na mbali na njia, kama tulivyokatazwa tangu chuoni. Taka nyingine zote zirudi na tela. Na taa zizimwe mapema upande wa bahari, kwa kuwa kasa hupanda fuo hizo kutaga, na mwanga humrudisha majini kabla hajataga. Wakati wa kurudi, watoto wake huufuata mwanga badala ya bahari.

Kwa watoto wetu wenyewe, mama zao wawe na chumvi na sukari. Mtoto akilegea, midomo ikikauka, akawa hakojoi, apewe kidogo kidogo maji yaliyotiwa nusu kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vidogo sita vya sukari kwa lita moja, na akipelekwa kwa daktari asingojewe kesho.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaniambia kwamba hii ni anasa, kwamba mwenye pesa ya mafuta na tela na aitoe sadaka. Sibishani nao sana. Lakini nimewaona watoto wa mjini, wanaoijua bahari kwa kuiona kutoka kivukoni Likoni, wakikaa usiku ule miguuni pa nahodha wakiuliza majina ya nyota na ya pepo, na wakijibiwa. Mmoja wao, wa miaka tisa, sasa anajua tofauti ya bamvua na maji mafu, jambo ambalo babake hakulijua. Ningependa dago lisife. Ningependa tu lisiishi kwa jasho la wavuvi.

Tuliporudi Mombasa mpwa wangu aliniomba nimwandikie ubeti aubandike ndani ya tela. Nilimwandikia huu:

Safari ya ufuoni, maji kwanza hesabia,
Mitungi weka telani, hata wa mwenzio tia,
Mvuvi mwenye imani, hawezi kukuzuia,
Usimwache mashakani, maji yakamuishia.

Kaskazi ikitulia, Inshaallah tutakwenda tena ufuo ule ule, safari hii maji yakiwa mafu. Tela iko uani kwa mpwa wangu. Pipa amelitoa, ameweka mitungi kumi na minne. Kumi ni yetu, mmoja ni wa kurudi nao, na mitatu ameipaka rangi ya kijani ubavuni, akaandika: "Ya nahodha." Sijui kama tutamkuta. Wavuvi hufuata samaki, na samaki hawamwagi mtu. Tukimkosa, tutawapa watakaokuwapo.